Damu ya Baba na mtihani wa nusu muhula

Najua nimepotea, na wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimehama chuo au nimeolewa kimya kimya. Hapana jamani, nipo. Mlimani ile ile, chumba kile kile, ndoo ile ile ya maji chini ya kitanda. Kilichoninyamazisha tangu semesta ianze ni Baba. Leo nimepata nguvu ya kuandika, na kwa kuwa kesho asubuhi sina kipindi, nitaandika mpaka nichoke. Mniwie radhi, leo ni ndefu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, Njombe. Baada ya kustaafu akaingia kwenye viazi kwa nguvu zote, mtu wa kuamka saa kumi na moja na kurudi jua likizama. Siku moja ya Jumapili Mama akanipigia, akasema baba yako tumbo linamsumbua. Maumivu yalikuwa juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua, anatoka jasho la baridi na ametapika. Walikwenda kituo cha afya cha jirani, wakaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa. Siku mbili nzima Baba akanywa dawa za vidonda na maziwa. Siku ya 3 akashindwa kutembea kutoka chumbani hadi chooni bila kupumzika njiani. Jirani akatoa gari, wakampeleka hospitali kubwa.

Huko wakampima ECG na damu. Jibu likaja: mshtuko wa moyo. Na si wa siku hiyo, wa tangu Jumapili.

Mimi nilikuwa Yombo, naingia kwenye kipindi, simu ikaita. Nikakaa pale nje kwenye ngazi na sikuingia darasani.

Sasa niwaeleze waliwezaje kujua siku ya 3 kwamba tukio lilikuwa la Jumapili. Wale wenzangu wa Baiolojia mnaikumbuka troponini, ile protini inayosaidia msuli kujikunja. Moyo una troponini za aina yake, na kwa kawaida zinakaa ndani ya seli. Mshipa wa damu unaolisha moyo ukiziba, seli zilizo mbele yake zinakosa oksijeni, zinakufa, zinapasuka, na troponini inamwagika kwenye damu. Inaanza kupanda ndani ya saa chache, inafika kilele kama siku moja baadaye, halafu inashuka taratibu sana, inaweza kuonekana kwa wiki nzima na zaidi. Kwa hiyo hata ukichelewa kufika, damu bado inasema. Na inapopanda sana, kwa ujumla maana yake ni kwamba msuli mwingi umekufa.

Ya Baba ilikuwa imepanda sana. Na ule muda wa kuzibua mshipa mapema kabla msuli haujafa ulikuwa umeshapita kwenye glasi za maziwa.

Alilazwa, akatulia, akaruhusiwa na mfuko wa dawa. Wiki ya 4 akaletwa Dar kwa ajili ya kipimo cha eko, akafikia kwa Baba Mdogo, Tabata. Mimi nikawa ndiye wa kumsindikiza kliniki, maana Baba Mdogo yuko kazini na Mama alibaki na mifugo.

Nilipomwona nilishangaa. Nilitegemea kumkuta mgonjwa. Nikamkuta amekaa barazani anasoma gazeti, amenyoa ndevu, anacheka. "Eh, mwalimu mwenzangu, karibu." Ndivyo anavyoniita tangu nichaguliwe kusoma ualimu. Nikamwambia shikamoo Baba, akaitikia kwa sauti yake ya darasani. Nikajisemea moyoni, kumbe yamekwisha.

Kumbe hayajaanza.

Eko ilionyesha kwamba chumba cha chini cha kushoto cha moyo, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, kilikuwa kinatoa asilimia 38 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu. Daktari, kijana mpole tu, akamwambia: "Mzee, sehemu iliyokufa imeshakufa, hiyo hatuirudishi. Ninachotaka kujua sasa ni sehemu iliyobaki itafanya nini."

Mimi sikuelewa. Nikamuuliza, itafanya nini tena? Akanieleza, na naomba niwaeleze kwa namna yangu.

Mnaikumbuka chubu ya baiskeli yenye sehemu dhaifu? Ukiijaza upepo, pale padhaifu panatoka kidonge. Kadiri panavyovimba ndivyo mpira unavyokuwa mwembamba, na kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyozidi kuvutwa. Wale wa Fizikia wataniambia hiyo ni kanuni ya Laplace: mvutano kwenye ukuta unaongezeka chumba kikiwa kipana na ukuta ukiwa mwembamba. Moyo nao ndivyo. Sehemu iliyokufa inageuka kovu, na kovu halisukumi. Msuli uliobaki unabeba kazi ya wote wawili, unatanuka, unabadilika umbo. Chumba kilichokuwa na umbo kama la yai kinaanza kuwa duara kama mpira. Kwa wengine mabadiliko haya yanaishia njiani na moyo unatulia. Kwa wengine yanaendelea miezi na miaka, hadi moyo unashindwa kazi, miguu inavimba na pumzi inakata. Na wakati yanaendelea, mwenye moyo anaweza asihisi chochote. Anasoma gazeti barazani.

Swali la daktari lilikuwa hilo: Baba yuko kundi gani? Eko inaonyesha umbo la leo. Ya kesho inabidi kuyatafuta kwa dalili nyingine, na mojawapo iko kwenye damu. Akaandika kipimo kinaitwa NT-proBNP.

Kipimo kile tulilipia mfukoni, na bei yake ilikaribia hela yangu ya kula ya siku kumi. Baba akasema tuache, ni kupoteza pesa, yeye mzima. Nikatoa bumu langu. Tukabishana pale dirishani mbele za watu, mwisho akaniambia, "Haya, toa, lakini ukilala njaa usinipigie." Nilikula mihogo wiki hiyo na sikumpigia.

Nikiwa nasubiri majibu nikaanza kusoma. Jamani, hadithi ya kipimo hiki ni tamu. Tumezoea kuufundisha moyo kama pampu, basi. Mwaka 1981 kule Kanada, mtafiti Adolfo de Bold na wenzake walichukua majimaji ya vyumba vya juu vya moyo wa panya wakawadunga panya wengine. Wale panya wakaanza kukojoa maji na chumvi kwa wingi. Maana yake moyo unatengeneza homoni! Pampu inaongea na figo. Mwaka 1988 Wajapani wakaipata ndugu yake kwenye ubongo wa nguruwe, ndiyo maana ile B kwenye BNP inasimama badala ya ubongo kwa Kiingereza. Baadaye ikajulikana kwamba kwa binadamu chanzo chake kikuu ni moyo, hasa vyumba vya chini, lakini jina likabaki.

Kazi yake ni hii. Ukuta wa moyo ukivutwa kupita kiasi, seli zinatengeneza protini moja ndefu ya amino asidi 108. Inakatwa vipande viwili. Kipande cha 32 ndiyo BNP yenyewe, inakwenda kuiambia figo itoe chumvi na maji, na mishipa ilegee, ili moyo upunguziwe mzigo. Kipande cha 76 hakina kazi inayojulikana, ila kinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa hiyo ni rahisi kukipima. Hicho ndicho NT-proBNP. Yaani tunapima mabaki ya barua ambayo moyo umeiandikia figo. Barua zikiwa nyingi, ujue moyo unavutwa.

Sasa hapa ndipo nilipopenda. Mwaka 1993 watafiti wa Japani walichapisha kwamba baada ya mshtuko wa moyo, kwa baadhi ya wagonjwa BNP inapanda mara mbili: mara ya kwanza ndani ya siku ya kwanza, ikashuka, kisha ikapanda tena karibu na siku ya 5. Mpando wa kwanza ni wa ajali yenyewe. Ule wa pili ulionekana zaidi kwa wenye majeraha makubwa, na ulihusishwa na kutanuka kwa chumba. Troponini inakwambia kilichokufa. Hii inakwambia namna waliobaki hai wanavyobeba mzigo.

Majibu ya Baba yakatoka: 1,840, kwa kipimo cha pikogramu kwa mililita. Pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu, kwa hiyo ni kitu kidogo mno. Lakini kwa mtu asiye na dharura, chini ya 125 ndiyo madaktari hutuliza roho.

Nilifanya kosa ambalo nawaomba msilifanye. Nilirudi hostel usiku, nikachukua ile namba nikaingia nayo kwenye intaneti. Nikakutana na michoro ya wagonjwa waliogawanywa, walio juu ya namba fulani na walio chini, na mistari inayoshuka. Mstari wa walio juu unashuka haraka zaidi. Nikamweka Baba kwenye ule mstari. Nikawa napiga hesabu kama atafika graduesheni yangu. Mwenzangu wa chumbani aliamka saa tisa akanikuta nalia na kikokotoo mkononi.

Asubuhi nikampigia daktari, alikuwa ametupa namba. Nikamsomea yale niliyoyaona. Akanisikiliza, kisha akaniuliza umri wa Baba, kama figo zake zilipimwa, kama ni mnene. Nikajibu. Akasema NT-proBNP inapanda na umri, inapanda figo zikiwa dhaifu, na wanene huwa nayo chini kuliko inavyotarajiwa. Akaniambia kuna viashiria vingine pia vinavyochunguzwa: ST2, ambayo tangu 2002 inajulikana kwamba inaongezeka kwenye damu baada ya mshtuko wa moyo, galektini-3, inayohusiana na kutengeneza makovu, vipande vya kolajeni vinavyoonyesha ukuta unavyojengwa upya. Watafiti wanajaribu kuvisoma kwa pamoja kwa sababu kimoja kinaona mvutano, kingine kinaona kovu, kingine kinaona uvimbe. Lakini hakuna hata kimoja, wala mchanganyiko wao, unaoweza kumwambia mtu mmoja kwa uhakika moyo wake utakuwaje. "Ule mstari ni wa kundi," akasema. "Baba yako ni mtu mmoja, na bado hatujamtibu vizuri. Kwani dawa anakunywa?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijui.

Jumamosi nikaenda Tabata. Nikaomba kuona mfuko wa dawa. Wadau, vidonge vilikuwa vimejaa! Aspirini alikuwa anakunywa, lakini vile vya kusaidia moyo usitanuke, wiki 2 hajavigusa. Nikamuuliza Baba, hivi vipi? Akasema vinamletea kikohozi kikavu usiku kucha, Mama hapati usingizi, na isitoshe yeye mzima, kifua hakiumi, kwa nini mtu mzima anywe dawa?

Nilitaka kupiga kelele. Lakini kwa mzazi unapigaje kelele? Nikachukua daftari lake la mahesabu ya viazi, nikachora moyo. Nikachora ile chubu. Nikamwonyesha 1,840 na 125. Baba akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza swali la kimwalimu kabisa: "Hii namba inasema nimefeli?"

Nikasema hapana Baba. Troponini ndiyo ilikuwa matokeo, mtihani ulishapita. Hii ni maksi za katikati. Nikamweleza jinsi sisi tunavyokuwa na zile 40 za kabla ya UE, na kwamba mwenye 12 kati ya 40 yuko hatarini lakini hajafeli, anajua tu kwamba akiendelea hivi hivi atafeli.

Baba akakaa kimya. Halafu akasema: "Nimefundisha miaka 34. Mtoto anayenitisha si yule anayelia kwa sababu hajaelewa. Ni yule anayekaa nyuma ametulia, ukimuuliza anasema nimeelewa mwalimu. Huyo humjui mpaka umpe jaribio la nusu muhula." Akagonga ile namba kwa kidole. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayekaa nyuma."

Nikasema ndiyo Baba, ni wewe. Tukacheka, kisha sote wawili tukawa na machozi, basi nikajifanya naenda kutazama chai.

Nikamweleza na jambo la mwisho. Miaka ya 1980 huko Boston, Marc Pfeffer na Janice Pfeffer waliona kwamba panya waliopata jeraha la moyo wakipewa kaptoprili, mioyo yao haitanuki sana kama ya wasiopewa. Ikafuata majaribio kwa binadamu, matokeo yakatoka 1992: watu 2,231 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, ambao moyo wao unasukuma asilimia 40 au chini, lakini wengi wakijisikia wazima tu, kama yeye. Nusu wakapewa kaptoprili, nusu kidonge kisicho na dawa ndani. Baada ya miaka mitatu na nusu hivi, waliokuwa wamekufa ni 20 kati ya kila 100 kwenye dawa, na 25 kati ya kila 100 kwa wengine. Baba akapiga hesabu. "Watano kwa mia," akasema. "Darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto 110." Hakusema zaidi.

Jumatatu tukarudi kliniki tukasema ukweli wote, kikohozi na vyote. Daktari wala hakugomba. Akasema kikohozi kile ni cha dawa yenyewe, kinawapata wengi, na ipo jamii nyingine ya dawa inayofanya kazi ya kufanana bila kuleta kikohozi kama kile. Akabadilisha. Jambo dogo kama hilo! Wiki 2 moyo ulikaa bila msaada kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba akikohoa arudi aseme.

Miezi 3 baadaye, yaani wiki iliyopita, amerudia vipimo. NT-proBNP: 790. Eko: asilimia 42, na chumba hakijatanuka kuzidi pale kilipokuwa. Sikuambii kwamba amepona. 790 bado iko juu, na kovu liko pale pale. Wala sijui ni dawa ipi iliyosaidia, au kama moyo wake ungetulia wenyewe. Viazi mwaka huu analima kijana wa jirani kwa makubaliano ya kugawana, na Baba anasimama pembeni akimkosoa, jambo ambalo Mama anasema ni baya kwa moyo kuliko jembe.

Kabla sijafunga, kuna utafiti mmoja uliofanyika kaskazini mwa nchi yetu, ukachapishwa 2020, kwenye idara ya dharura ya hospitali moja. Watafiti waliwapima ECG na troponini watu waliofika na maumivu ya kifua au kubanwa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi wa hao tatizo lao kuu halikuwa maumivu ya kifua. Kwa hiyo si Baba peke yake. Mzazi wako akitoka jasho la baridi, ana maumivu ya juu ya tumbo, taya au mkono, au pumzi inambana ghafla, usikubali maziwa. Nenda, na uulize kama wana ECG na kipimo cha troponini. Na akisharudi nyumbani anacheka barazani, angalia mfuko wa dawa.

Jana Baba kanipigia. Nilidhani ana shida. Kumbe alitaka kujua kipimo kinachofuata ni lini. Nikamwambia mwezi wa tisa. Akasema sawa, ameshaandika kwenye daftari la viazi, ukurasa wa mwisho, na amechora jedwali: tarehe, namba, maoni ya mwalimu.

Haya, nimechoka na umeme unataka kukatika. Kama kwenu mna mgonjwa wa moyo, niambieni mnafanyaje kuhusu dawa, wazee wetu ni wagumu. Na nani ana desa la Saikolojia ya Elimu la wiki ya 4 hadi ya 7? Nililikosa lote, nilikuwa kliniki.

Tuko pamoja.